Maji ya Chai na Injini Iliyozimwa



Juma lililopita fundi umeme anayetutandazia nyaya katika ukumbi wa parokia alikuja ofisini akiwa na kipande cha waya mkononi. Alitaka kutuambia kwamba waya ulionunuliwa ni mwembamba mno kwa majiko ya umeme tunayokusudia kuyaweka jikoni, na kwamba haifai kuendelea na kazi hadi ununuliwe mwingine. Sikukuu ya somo wa parokia ilikuwa imekaribia, fedha zilikuwa zimekwisha kutumika, na kadi za mwaliko zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Jibu lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi: "Endelea tu, fundi, tutarekebisha baadaye." Tukalimeza. Tulimwomba aketi, atueleze taratibu, nasi tukamsikiliza hadi mwisho.

Wajumbe wa kamati wametuuliza kwa nini paroko aliyezoea kuharakisha kila jambo ameahirisha ukumbi mzima kwa ajili ya waya. Tuliahidi kuwajibu katika ukurasa huu. Jibu lenyewe ni kisa cha usiku mmoja wa mwaka 2009 nchini Uingereza. Ndani yake mna gari kuukuu la jeshi, chombo cha kuchemshia maji, na kosa ambalo ni letu wenyewe.

Wakati ule tulikuwa masomoni, na siku za mapumziko tulisaidia kazi za kichungaji katika parokia moja ya vijijini huko Kent, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Paroko alikuwa amelazwa hospitalini, kwa hiyo majuma kadhaa tulibaki peke yetu na kundi dogo la waamini, wengi wao wazee. Miongoni mwao alikuwamo mwanajeshi mstaafu, mjane asiye na mtoto, aliyekaa benchi la mwisho na kuondoka kabla ya watu kuanza kusalimiana. Alituita "Padre". Hakujua neno moja la Kiswahili. Ndivyo tu askari wa Uingereza wanavyomwita kasisi wao wa kijeshi. Lakini kwetu, tuliokuwa mbali na nyumbani, neno hilo lilitosha kuanzisha urafiki.

Mzee huyo alikuwa na Landrova ya jeshi aliyoinunua ikiwa chakavu, akaifufua kwa mikono yake bandani mwake. Ilikuwa ya aina iitwayo Series III, yenye fremu ndefu, iliyotengenezwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kubeba redio za mawasiliano. Magari ya kawaida hutumia umeme wa volti 12. Gari lile lilitumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, chanya ya moja ikishikana na hasi ya nyingine. Nyuma palikuwa na nafasi ya betri nyingine mbili za kuhudumia redio, ili askari waweze kuzungumza usiku kucha bila kugusa betri za kuwashia injini. Nafasi hiyo ilikuwa tupu. Betri ni ghali, mzee alituambia, na redio yenyewe haikuwapo tena. Tunawaomba mkumbuke nafasi hiyo tupu.

Siku moja alituonyesha kitu alichokinunua kwenye mnada wa vifaa vya jeshi: sanduku la chuma lenye kifuniko kinachobanwa kwa nguvu na waya mnene ukitoka ubavuni. Askari wa Uingereza hukiita kwa herufi mbili tu, BV, yaani chombo cha kuchemshia. Hufungwa ndani ya gari la kivita na kulishwa kwa umeme wa gari lenyewe. Ndani yake huchemshwa maji ya chai, na katika maji hayo hayo hupashwa moto vyakula vya jeshi vilivyofungwa katika mifuko.

Tulicheka kidogo. Tulidhani ni anasa ya Waingereza na chai yao. Mzee hakucheka. Alituketisha juu ya kreti, akatusimulia chanzo chake.

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waendesha vifaru wa Uingereza walichemsha chai nje. Huko jangwani Afrika Kaskazini walikata debe la petroli, wakalijaza mchanga, wakaumiminia petroli na kuuwasha, kisha wakateleka maji juu yake. Jiko hilo lilifanya kazi vizuri, lakini lilimtaka mtu atoke ndani ya chuma kinachomlinda na kuchutama penye hatari. Vita vilipohamia Ulaya, mazoea yalikuwa yale yale. Tarehe 13 Juni 1944, katika mji mdogo wa Villers-Bocage huko Normandi, safu ya vifaru vya Divisheni ya 7 ya Uingereza ilishambuliwa kwa ghafula na vifaru vya Kijerumani vya aina ya Tiger. Safu ilikuwa imesimama barabarani, na askari wengi walikuwa wameteremka. Si haki kusema kwamba chai ndiyo iliyowaangusha. Walikuwa na maadui hodari na mipango yenye kasoro. Lakini vita vile viliwafundisha wakuu kwamba askari wa vifaru hufa wengi wakiwa nje ya vifaru vyao, wakipika, wakila au wakinyoosha miguu.

"Sasa, Padre," mzee alituuliza, "ungekuwa jenerali ungefanya nini?"

Tulijibu kwamba tungepiga marufuku kupika chai penye hatari.

"Ndiyo sababu hukuwa jenerali," alisema. Mwaka 1945 kilipotokea kifaru kipya cha Centurion, chombo cha kuchemshia kilifungwa ndani yake. Hawakumkataza askari chai. Waliwasikiliza waliokaa ndani ya chuma siku nzima wakiwa na njaa na baridi, wakalileta jiko mahali walipo. Mzee mwenyewe alikuwa ametumikia ndani ya Centurion huko Ujerumani Magharibi katika miaka ya 1960, na alituambia kwamba askari aliyeweza kuchemsha maji bila kumwaga, gari likiyumba, aliheshimiwa kama mpiga shabaha.

Basi tukaanza kumsaidia kukifunga chombo kile. Kila Jumatatu alasiri tulivaa ovaroli juu ya kanzu, naye akatufundisha.

Jambo la kwanza alilotufundisha ni hesabu ya waya. Tuchukue mfano wa chombo cha wati 480. Kwa volti 24 kitavuta ampea 20. Tuseme kutoka betri hadi kwenye chombo ni mita 4, na kurudi mita 4. Ukitumia waya mwembamba wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, karibu volti 2 zitapotelea njiani, na takriban wati 40 zitageuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe, chini ya zulia, karibu na tangi la petroli. Ukitumia waya wa milimita 6 za mraba, utapoteza nusu volti tu, na waya utabaki baridi. Ndugu zetu, fundi wetu alipokuja na kile kipande chake juma lililopita, tulisikia sauti ya mzee yule ikizungumza Kiswahili.

Jambo la pili ni fyuzi. Huwekwa karibu kabisa na ncha chanya ya betri, si karibu na chombo. Kazi yake ni kuulinda waya. Waya ukichubuka njiani na kugusa bodi ya chuma, umeme wote wa betri utapita hapo kwa shoti, na fyuzi iliyo mwisho wa njia haitajua lolote. Jambo la tatu ni kutovuta umeme kutoka betri moja tu kati ya mbili zilizofuatana, kwa maana moja itadhoofika na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema. Jambo la nne ni kutowasha chombo kikiwa kikavu.

Jambo la tano alilirudia kila Jumatatu: usichemshe injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwaka, alteneta husukuma karibu volti 28, na chombo hula kinachozalishwa. Injini ikizimwa, chombo hula akiba. Kwa kuwa betri za redio hazikuwapo, tulikiunganisha chombo na betri zile zile za kuwashia gari. "Inafaa kwa sasa," mzee alisema, "mradi injini inanguruma."

Theluji nzito iliyoanguka usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2009 bado inakumbukwa na watu wa kusini-mashariki mwa Uingereza. Mabasi ya London yalisimama, shule zilifungwa, na kwetu vijijini njia zote ndogo zilifunikwa. Siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, siku ya kubariki mishumaa. Tulidhani hatakuja mtu kwenye Misa ya saa kumi na mbili jioni. Wakaja watu kama thelathini, kwa miguu, wamevaa mabuti, wengine wakishikana mikono wasiteleze. Tanuri la kupasha joto kanisa lilikuwa limeharibika. Mzee akaileta Landrova yake hadi mlangoni, akajaza chombo, akawasha. Alitaka kila mtu apate kikombe cha chai kabla na baada ya Misa. Mtu yule wa benchi la mwisho, aliyekuwa akiwakimbia watu, sasa alisimama nyuma ya gari akiwagawia vikombe na kuwauliza hali zao. Tulimshukuru Mungu kwa macho yetu kuona hayo.

Kama mnavyojua, ibada ya siku hiyo huanzia nje. Watu husimama na mishumaa iliyowashwa, padre huibariki, kisha wote huingia kwa maandamano. Tulisimama pale mlangoni, kitabu mkononi, na injini ikinguruma hatua tano kutoka kwetu. Sauti yetu haikusikika. Moshi uliwajia watu usoni. Tulimwendea mzee, tukamwambia azime injini.

Alisema, "Padre, chombo kinakula sana. Na kuna baridi."

Tulimwambia, "Ni dakika chache tu, Mzee. Hii ni ibada."

Akatutazama kidogo, kisha akasema, "Kama Padre asemavyo," akazima.

Tulibariki mishumaa. Ilikuwa ibada nzuri. Theluji ilikuwa imenyamazisha kila kitu, na miali ya mishumaa haikutikisika. Tuliingia, tukaadhimisha Misa. Baada ya Misa watu walitoka, wakamzunguka mzee, wakanywa chai, wakacheka. Kila chombo kilipopungua maji walikijaza tena, maji baridi kama barafu, nacho kikaendelea kula umeme. Hakuna aliyewasha injini. Mzee hakuiwasha kwa sababu Padre alisema izimwe, na Padre alikuwa hapo hapo, kikombe mkononi, akifurahia utulivu. Hesabu yake ni rahisi. Kwa saa mbili na nusu, kwa mfano wetu ule wa ampea 20, zimetoka ampea-saa 50 katika betri zisizo mpya, usiku wa baridi kali.

Saa tatu kasoro robo usiku simu ya nyumba ya mapadre ililia. Alikuwa binti wa bibi mmoja mgonjwa, anayekaa shambani, juu ya kilima, mwendo wa kilomita nane hivi. Tulikuwa tukimpelekea Komunyo kila Ijumaa. Binti alisema, "Father, mama anaondoka. Anakuuliza."

Tulichukua mafuta na Ekaristi Takatifu. Gari letu dogo lisingeweza kupanda kilima kile. Hata mtaa wa kanisa lilishindwa. Lakini kulikuwa na Landrova, iliyotengenezwa kwa njia za namna hiyo hasa. Tulipanda, mzee akabonyeza stata. Ilitoa sauti kama kidole kikigonga meza, mara tatu, kisha kimya.

Alichukua mpini wa kuzungushia injini kwa mkono, akazungusha hadi jasho likamtoka katikati ya theluji. Koili isiyopata umeme haitoi cheche; injini haikushika. Jirani akaja na gari lake na nyaya za kuazimia umeme, lakini magari yote ya kijijini ni ya volti 12, na letu lilihitaji 24. Mzee akajaribu kuichaji betri moja baada ya nyingine, na dakika zikapita. Hatimaye mkulima mmoja alikubali kuja na trekta kutoka upande wa pili wa bonde. Tulifika kwa yule bibi saa tano kasoro robo, tumesimama nyuma ya kiti cha dereva, tumekumbatia Ekaristi kifuani.

Bibi alikuwa amefariki saa tatu na nusu. Jirani yao aliyekuwa muuguzi alikuwapo, akathibitisha. Landrova, pamoja na theluji ile, ingetufikisha kwa nusu saa.

Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa ni ya walio hai. Palipo na shaka kama mtu amefariki au la, Kanisa linamruhusu padre kumpaka. Pale hapakuwa na shaka. Tulifungua kitabu kwenye sala za kumwombea marehemu, tukasali pamoja na binti. Juu ya meza ndogo palikuwa na kipande cha mshumaa, kimezimwa. Binti alitueleza kwamba ulikuwa mshumaa uliobarikiwa sikukuu kama hiyo ya mwaka uliotangulia. Mama aliutunza kwa ajili ya saa ile, kama wafanyavyo Wakatoliki wa zamani. Aliuwasha, akamshikisha mama, wakasali Rozari. Mara mbili mama aliuliza kama taa za gari zinaonekana kilimani.

Kisha binti, macho yakiwa mekundu, akasema, "Poleni kwa theluji hii, Father. Mmejitahidi." Akaenda jikoni kutuwekea maji ya chai.

Tulikunywa chai ile. Hatujawahi kunywa kitu kichungu kuliko hicho. Na hatukusema neno. Theluji ilikuwa imejitolea kubeba lawama yetu, nasi tukaiachia.

Siku tatu hatukulala vizuri. Siku ya nne mzee alikuja nyumba ya mapadre, akasimama mlangoni kofia mkononi. Alisema, "Padre, ningepaswa kukataa." Tulimjibu, "Mzee, wewe ulisema. Ni sisi ambao hatukusikia." Alitikisa kichwa: "Nilisema mara moja. Jeshini, jambo la hatari unalisema hadi lisikike. Lakini wewe ni Padre, na ulikuwa umevaa mavazi ya ibada." Maneno hayo yametukaa hadi leo. Mavazi yetu matakatifu yalikuwa yamefunga mdomo wa mtu anayejua.

Baada ya mazishi tulimwendea binti yule, tukamweleza ukweli wote, kuanzia injini iliyozimwa kwa amri yetu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akitazama dirishani. Kisha akasema, "Nashukuru umeniambia. Ningeendelea kudhani ni theluji." Hakusema kwamba ametusamehe, nasi hatukumdai aseme. Mwezi mmoja baadaye alirudi kanisani. Siku ya Ijumaa Kuu alituomba tumpokee kitubio, na tukajua kwamba mlango haukufungwa.

Ndugu wapendwa, tumejifunza nini?

Kwanza, tusikimbilie kufananisha kisa hiki na wale wanawali watano wa Injili ya Mathayo sura ya 25, waliokosa mafuta bwana arusi alipokuja. Mfano unafaa, nasi tumeutafakari mara nyingi. Lakini wale watano hawakuwa na mtu wa kuwaonya. Sisi tulikuwa naye. Tunamkumbuka zaidi Naamani, jemadari wa Shamu, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme sura ya 5. Alikuwa mkuu, tena mwenye ukoma, naye aliponywa kwa sababu mara mbili aliwasikiliza watu wa chini yake: kwanza binti mtumwa nyumbani kwake, kisha watumishi wake njiani, walipomsihi aache hasira na kujichovya katika Yordani. Angekuwa mtu wa "kama mkuu asemavyo", angerudi kwao na ukoma wake.

Pili, kuna mamlaka ya aina mbili. Moja huwatazama watu wanavyoishi, ikauliza wanahitaji nini na wanajua nini, ikalileta jiko ndani ya kifaru. Nyingine hutaka kimya, izime injini ili ibada ionekane nzuri, na haiulizi akiba inatoka wapi. Sisi mapadre tumo hatarini kuwa wa aina ya pili, kwa sababu mnatuheshimu. Lakini si sisi peke yetu. Baba wa familia anayejibiwa "sawa" na kila mtu nyumbani kwake, mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo asiyepingwa, mwalimu mkuu, bosi ofisini: kila mmoja wetu na ajiulize ni lini mara ya mwisho mtu wa chini yake alimwambia hapana, naye akabadili nia. Kama hakumbuki, asidhani kwamba siku zote amekuwa sahihi.

Nanyi waamini, heshima yenu kwa padre isiwe ya kunyamaza. Mwenye kujua waya na aseme habari ya waya. Mwenye kujua hesabu na aseme habari ya hesabu za parokia. Mama anayeona mtoto wa mafundisho amebadilika ghafula, aseme, tena aseme hadi asikike. Hiyo si dharau.

Tatu, kuna jambo la kichungaji ambalo kisa hiki hutulazimisha kulisema kila mwaka. Msisubiri dakika ya mwisho kumwita padre. Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wanaokata roho peke yao; ni ya kila mwamini aliye katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee, na hali ikizidi kuwa mbaya yaweza kutolewa tena. Na padre akichelewa, kwa sababu yoyote ile, msikate tamaa. Mungu ametupa sakramenti, lakini Yeye mwenyewe hakufungwa nazo. Kanisa, likiwa mama, humpa rehema kamili saa ya kufa mwamini aliye na moyo ulio tayari na aliyezoea kusali sala fulani maishani mwake, hata kama padre hayupo. Washeni mshumaa, mpeni mgonjwa msalaba, salini naye. Bibi yule alifanya hivyo, na tunaamini hakuondoka peke yake. Imani hiyo hutufariji, haitufutii kosa.

Majira ya kuchipua yalipofika, tulinunua pamoja na mzee betri mbili na kuziweka nyuma ya gari, mahali palipokuwa patupu. Safari hii yeye alikaa juu ya kreti, nasi tukafanya kazi: tukakata waya, tukabana ncha, tukaweka fyuzi, tukakiunganisha chombo na betri hizo za nyuma tu, ili chai isiweze tena kula umeme wa kuwashia injini. Tulipomaliza, mzee aliukagua kila mwungano kwa kidole. Mmoja alituambia tuubane upya. Tukaubana upya.

Fundi wetu ameleta waya mnene Jumanne. Sikukuu ya somo wa parokia tutaisherehekea nje, chini ya miti, na chai itachemshwa kwa kuni. Ukumbi utasubiri hadi fundi atakaposema uko tayari.

Tuwatakie Dominika njema. Mtuombee, nasi tunawaombea.

Paroko wenu